Baisikeli na Chungu

Jioni ya leo nimepewa dakika chache nizungumze nanyi juu ya mchezo wa mbio za baisikeli. Mimi si bingwa wala si mtaalamu. Ni fundi seremala wa Misungwi, katika nchi ya Wasukuma, na mchezo huu kwangu ni wa ridhaa; maana yake silipwi mshahara kwa kukimbia, bali nalipa mwenyewe kwa jasho langu na fedha yangu. Yamkini mtu atauliza, "Fundi wa mbao ana nini cha kutufundisha?" Jibu langu ni fupi: nalifanya kosa moja ambalo karibu liniangushe mbele ya lori, nami nataka kosa hilo liwafae wengine bila wao kulilipia.

Katika nchi yetu baisikeli si kitu kigeni. Mtoto huanza kuiendesha kabla hajaweza kukifikia kiti, akipitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu. Baisikeli hupeleka maziwa sokoni, mkaa mjini, mahindi mashineni, na mgonjwa zahanati. Kwa hiyo vijana wengi wana miguu yenye nguvu pasipo kujua. Nami nalikuwa mmoja wao. Niliposikia kwamba yatakuwako mashindano katika barabara ya lami itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, mwendo wa kilomita 160 hivi, nalisema moyoni, "Mimi nimepakia mbao tangu ujana wangu. Nani atanishinda nikiwa sina mzigo?"

Basi nikafanya mazoezi juma zima bila kupumzika, hata siku iliyotangulia mashindano. Asubuhi yenyewe sikula. Nalidhani kwamba tumbo jepesi hufanya baisikeli kuwa nyepesi. Nalikunywa kikombe kimoja cha chai ya rangi, nikaenda zangu kwenye mstari.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Tulikwenda kundi moja kubwa, na mimi nikijionyesha mbele kana kwamba barabara ni mali yangu. Jua likapanda, upepo ukatukabili, nami sikujali. Walakini tulipokwisha kupita Hungumalwa, miguu ilinikimbia ghafula kama watu wakimbiavyo nyumba inayoungua. Jasho likawa la baridi. Mikono ikatetemeka. Barabara ikawa kama inanyanyuka na kushuka. Nilisikia honi kubwa nyuma yangu, na hapo tu ndipo nilipotambua kwamba nimekwisha kuyumba hadi katikati ya njia. Lori lilipita karibu kiasi cha mkono mmoja. Nikashuka, nikajikokota hadi chini ya mkwaju, nikakaa.

Hapo palikuwa na bibi mmoja akichunga mbuzi wake.

"Shikamoo, bibi," nikasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unaumwa?"

"Hapana, bibi. Ninashindana."

"Unashindana na nani, nawe umekaa peke yako?" Akanitazama sana. "Umekula nini leo?"

"Chai, bibi."

Akatikisa kichwa. "Hata maksai wa plau hulishwa kabla ya kufungwa nira." Akafungua kikapu chake, akanipa matobolwa, akanipa na maji ya kibuyu. Nikatafuna polepole. Kwa muda wa nusu saa macho yalikuwa yamekwisha kufunguka. Nikamshukuru, nikapanda baisikeli, nikaenda mwendo wa mtu anayetoka msibani, mpaka nikafika Misungwi. Mwanza sikufika siku ile. Nilikata kona nikaingia nyumbani kwangu.

Sasa, ndugu zangu, nalipatwa na nini? Baadaye nilijifunza sababu yake. Chakula cha wanga, kama ugali, viazi, wali na ndizi, hugeuka kuwa sukari mwilini, na mwili huiweka akiba katika misuli na katika ini. Akiba hiyo ni ndogo: kwa mtu mzima ni kiasi cha gramu 400 hadi 500 tu. Mtu anayekwenda kwa nguvu nyingi huweza kuimaliza kwa saa moja na nusu au saa mbili. Ni kweli kwamba mwili una mafuta pia, tena mengi. Lakini mafuta ni kama gogo nene, na sukari ni kama vijiti vikavu. Gogo hudumu, bali haliwezi peke yake kutoa moto mkali upesi. Vijiti vikiisha, moto huzizima. Tena ubongo hutegemea sukari hiyohiyo. Ndiyo maana macho huona giza na akili hupotea, mtu akayumba mbele ya magari asijue.

Msidhani kwamba jambo hili ni la wanyonge tu. Mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa kwa baisikeli yalianza mwaka 1903, na hata mabingwa wake huanguka kwa njaa wakisahau kula. Mwaka 2024 kijana wa Eritrea, Biniam Girmay wa Asmara, alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano hayo. Alishinda hatua tatu, akatwaa na jezi ya kijani. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza katika bara letu. Watu kama hao hula wakiwa juu ya baisikeli, saa baada ya saa, kwa kipimo. Ikiwa bingwa anapima chakula chake, je, seremala aliyekunywa chai ana udhuru gani?

Basi nikaanza upya, nami nitawaeleza maisha yangu ya kila siku yalivyopangwa tangu hapo.

Jumatatu sipandi baisikeli ila kwenda kazini. Zamani naliona kupumzika ni uvivu. Sasa najua kwamba mazoezi huuchosha mwili, na pumziko ndilo huujenga. Jumanne na Alhamisi huamka saa kumi na nusu alfajiri, nikawasha taa ya mbele na ya nyuma, nikaenda mwendo wa saa moja na nusu kwa utaratibu. Kipimo changu ni mdomo: nikiweza kuzungumza na mwenzangu bila kukatika pumzi, mwendo ni sawa. Jumatano ndiyo siku ya ukali. Baada ya kupasha mwili joto, hukaza mwendo dakika tano, nikapumzika dakika tano, mara nne. Siku hiyo kipimo cha mdomo kinaonyesha kinyume chake: anayeweza kuzungumza hajakaza. Ijumaa nasafisha mnyororo, natia mafuta, naangalia breki na matairi. Jumamosi twatoka watu watano au sita, twafika Usagara, twashika njia ya Kigongo, twarudi. Na siku nyingine twaongeza mpaka tutimize kilomita 100. Katika safari hizo twajifunza kupokezana zamu ya mbele. Aliye nyuma ya mwenziwe hukingwa na upepo, akaokoa robo ya nguvu zake au zaidi. Kwa hiyo anayekataa zamu yake huwaibia wenziwe. Jumapili ni ya nyumbani. Na kila usiku, ikifika saa tatu, nalala.

Hayo ndiyo mazoezi. Lakini mazoezi bila chungu ni kazi bure, nami nalikifahamu chungu kwa kuchelewa. Baada ya aibu ile ya kwanza nalikwenda mjini, nikaona dukani makopo ya unga wa nguvu yenye picha za wakimbiaji. Nikanunua mawili. Fedha niliyonunulia ilikuwa imewekwa kwa sare za shule za watoto wetu pacha, Kulwa na Doto. Nasema haya kwa haya, lakini nalitenda hivyo.

Mama Kulwa hakupiga kelele. Aliliweka kopo moja mezani, akaweka na kikapu cha matobolwa kando yake. Kisha akasema, "Baba Kulwa, kopo hili limekula sare za watoto. Nisomee lina nini ambacho kikapu hiki hakina."

Nikasoma karatasi ya kopo. Lilikuwa na sukari, na wanga wa mahindi uliotengenezwa kiwandani, na chumvi, na rangi. Nikanyamaza. Wanga na utamu vilikuwa kikapuni, chumvi ilikuwa jikoni. Kilichokosekana ni rangi peke yake.

Siku ile tulipatana mambo mawili. La kwanza, fedha ya watoto haitaguswa kwa ajili ya baisikeli. Tairi na mnyororo vitanunuliwa kwa kazi ninayoifanya baada ya saa za kazi. La pili, anayekula zaidi na alime zaidi. Nikalima matuta ya viazi vitamu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa wale wasiojua, viazi vilivyomenywa na kukatwa vibichi, kisha vikaanikwa juani, huitwa michembe, navyo hupikwa tena kabla ya kuliwa. Vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa, ndivyo matobolwa, na hayo huliwa vivyo hivyo. Wazee wetu walivibuni kwa ajili ya miezi ya njaa. Mimi naviweka mfukoni mwa mgongoni, havipondeki wala haviozi kwa joto.

Chakula changu si cha kifalme. Asubuhi ni uji wa mtama wenye karanga zilizosagwa, na kiazi. Mchana ni ugali na maharage au choroko, pamoja na mlenda au mboga nyingine za majani. Jioni, tukijaliwa, ni wali na sato kutoka ziwani. Tusipojaliwa, ni dagaa, nao hawana aibu yoyote, kwa kuwa hujenga misuli kama samaki mkubwa. Nikirudi kutoka safari ndefu nakunywa maziwa ya mgando na kula ndizi kabla saa moja haijapita, ili akiba iliyotumika ianze kurudi.

Siku ya mashindano nakula saa tatu kabla ya kuondoka: uji, viazi, basi. Maharage asubuhi ile siyagusi, na wale watakaokuwa nyuma yangu hunishukuru. Njiani nakula tangu saa ya kwanza, nisingoje njaa. Kwa safari ndefu yafaa kupata gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya wastani ina kiasi cha gramu 25, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa, au matobolwa kiasi cha ngumi, zatosha. Katika lita moja ya maji safi natia vijiko vinne vikubwa vya sukari, robo ya kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu. Maji haya ni ya mtu anayetoka jasho kwa saa nyingi, wala si kinywaji cha kukaa nacho barazani. Na mwenye ugonjwa wa kisukari asijaribu mambo haya bila shauri la mganga.

Mwaka uliofuata nalirudi Shinyanga. Nilipoyapita mahali pale penye mkwaju, nalikuwa nimekwisha kula mara nne. Upepo ulikuwa uleule na jua lilelile. Misungwi nalimwona Mama Kulwa kando ya njia pamoja na pacha wetu, wakipiga makofi. Safari hii sikukata kona. Nalifika Mwanza nikawa wa 14. Zawadi zilikuwa za watu kumi wa kwanza.

Huenda mtu akasema, "Basi umepata nini?" Ni swali la haki, nami nimelifanyia hesabu kama nifanyavyo hesabu ya mbao. Tangu siku ile nimepata zawadi mara moja tu, nayo ilinunua tairi mbili na ikabaki kidogo. Kwa fedha, mchezo huu unanidai. Lakini nyumbani twala vizuri kuliko zamani, kwa sababu nalilazimika kujua chakula ni nini, na shamba la viazi limekuwa kubwa. Pacha wetu huenda shule wakiwa wameshiba. Mwalimu wao aliniambia kwamba hawasinzii tena saa za mchana. Nami nikakumbuka: njaa iliyonitia giza barabarani ndiyo ileile imtiayo mtoto giza darasani.

Nanyi wanafunzi, mkitaka kushinda katika mbio, au katika hesabu, au katika kulima, msiudharau mwili unaowabeba. Bidii ni njema, lakini bidii isiyolishwa hukatika njiani.

Yule bibi yu hai, namshukuru Mungu. Nikipita njia ile humpelekea sukari kidogo. Hajapata kuniuliza hata mara moja nimekuwa wa ngapi. Huniuliza neno moja tu: "Umekula?"

Kwaherini.