Vidonge Vyeupe vya Sandukuni

Jioni hii nitanena juu ya vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali, ambavyo watu huvitia sandukuni ili nguo zisiliwe na nondo. Baada ya miezi kadha utakuta kidonge kimepungua, wala nguo hazikulowa. Kimegeuka mvuke pasipo kwanza kuwa maji, na mvuke huo ndio umwuao nondo na mabuu yake. Nguo huunywa, nasi twauvuta puani.

Vidonge hivi si vya namna moja. Vingine ni nafthalini, itokayo katika lami ya makaa ya mawe. Nayo ni kaboni na haidrojeni tu. Vingine ni paradiklorobenzini. Hii imetokana na benzini, ambayo haidrojeni zake mbili zimeondolewa na mahali pake pamekaa klorini. Chembe ya klorini ina uzito wa haidrojeni mara 35 hivi, na uzito huo hutusaidia kuvipambanua.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani. Atwae gilasi ya maji ya vuguvugu, akoroge chumvi mpaka isiyeyuke tena, kisha angoje yapoe. Atie kidonge kwa kijiko, asikishike kwa vidole. Nafthalini itaelea, paradiklorobenzini itazama. Katika maji yasiyo na chumvi zote mbili huzama, bali kafuri huelea.

Kwa nini tujisumbue hivi? Kwa sababu ya watoto. Wako watu waliorithi upungufu wa kitu kimoja katika damu, kiitwacho G6PD, nao ni wengi hasa katika nchi zenye malaria. Nafthalini huvunja chembe nyekundu za damu yao. Mtoto mchanga wa namna hiyo akifunikwa blanketi lililotoka sandukuni papo hapo, macho yake yaweza kuwa manjano na mkojo wake mweusi kama kahawa, hata ubongo ukadhurika. Apelekwe hospitali upesi, na kidonge kipelekwe pamoja naye, maana daktari atataka kujua ni cha namna gani.

Aliyemeza kidonge asitapishwe, wala asipewe maziwa. Najua desturi yetu ni kukimbilia maziwa. Lakini nafthalini huyeyuka katika mafuta, na mafuta ya maziwa huiharakisha kuingia mwilini.

Wala ile yenye klorini msiidhanie kuwa salama: yaweza kudhuru ini, na wataalamu wamezihesabu zote mbili katika vitu vishukiwavyo kuleta saratani.

Kanga na shuka safi za pamba hazihitaji vidonge, kwa kuwa mabuu hao hutafuta sufu, manyoya na hariri. Blanketi la mtoto lifuliwe, likauke kabisa juani, kisha lifungwe katika mfuko usiopitisha hewa. Nondo hupenda kutaga mayai katika sufu yenye jasho na uchafu. Iliyo safi haimvutii sana.