TUJIANDAE KWA CHUO TUNGALI SEKONDARI

(Hotuba ya walimu wa sekondari, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, kambi ya Dzaleka, Malawi)

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati, ndugu wafanyakazi wa mashirika, wazazi wenzetu, na ninyi wanafunzi,

Tangu kambi yetu ilipofunguliwa mwaka 1994, watoto wengi wamezaliwa na kukulia hapa, na kila mwaka wako wanaofika kidato cha nne na mtihani wa MSCE. Baada ya hapo mlango ni mwembamba. Mwaka 2019, duniani kote ni vijana wakimbizi 3 tu kati ya 100 waliokuwa katika elimu ya juu. UNHCR na wenzake wameweka lengo la kufikia 15 kati ya 100 ifikapo mwaka 2030. Anayepata nafasi akashindwa mwaka wa kwanza, hapati nyingine kwa urahisi.

Shuleni mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi akanakili. Chuoni mhadhiri husema na kupita, wala hakuna anayekagua daftari. Basi wanafunzi, anzeni sasa mambo manne.

Kwanza, andikeni muhtasari kwa maneno yenu wenyewe. Usichoweza kukieleza hujakielewa.

Pili, fungeni daftari mjiulize. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu wasome. Wengine wakarudia kukisoma. Wengine wakaandika waliyoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kukariri usiku wa mtihani hakufiki mbali.

Tatu, lugha. Wengi wetu kutoka Kongo tulianza kwa Kifaransa, na hapa masomo ni kwa Kiingereza. Wekeni daftari dogo la istilahi. Katika fizikia, «travail» ya Kifaransa na «work» ya Kiingereza ni kazi ileile: kani mara umbali. Ulichokijua hakijapotea, kimebadili jina tu.

Nne, ratiba. Nusu saa kila siku yashinda kukesha mara moja kwa mwezi.

Wazazi, hapa tuseme wazi. Binti anayechota maji, kupika na kulea wadogo zake hufungua daftari giza likiwa limeingia. Kaka zake nao wana mikono. Mgawanyieni kazi, apate walau saa moja ya mchana.

Ndugu wa mashirika, ombi letu ni dogo: darasa moja lenye taa jioni, na mitihani ya miaka iliyopita iliyochapishwa. Sisi walimu tutakaa humo kwa zamu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname pamoja.