DAWA ZA MITISHAMBA KATIKA MWILI WA MWENYE KIHARUSI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Mwika)

 

Wakoloni walipotunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, kwa macho ya wengi wao mganga na mchawi walikuwa mtu mmoja. Serikali yetu wenyewe ndiyo iliyomtambua mganga wa tiba asili, kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Heshima imerudi. Sasa yatupasa tuiulize dawa hiyo: ukishamezwa wewe, unakwenda wapi?

Kuanzia 2003 hadi 2006 wataalamu walihesabu wagonjwa wa kiharusi katika Hai, jirani zetu, na Dar es Salaam; wakapata 636. Wengine wakauliza watu ugonjwa huu watoka wapi. Mjini wengi walitaja mashetani na uchawi. Hai wengi walitaja shinikizo la damu. Tusijisifu, maana hata sisi tunaojua habari ya shinikizo twachanganya dawa bila kumwambia mtu.

Kiharusi huja kwa njia mbili: ama damu imeganda ikaziba mshipa wa ubongo, ama mshipa umepasuka. Kwa nje yote mawili yafanana, mdomo umekwenda upande na mkono umelegea. Picha ya kichwa ya hospitali ndiyo hutenganisha. Kitunguu saumu na tangawizi vyaweza kuipunguzia damu nguvu ya kuganda. Katika mboga si neno. Lakini kumkamulia mgonjwa kikombe kizima kila asubuhi, naye mshipa wake umepasuka, au tayari anameza aspirini, ni jambo la hatari.

Dawa ikishuka, utumbo huinyonya na damu huipeleka kwanza kwenye ini. Ini ni kama kiwanda cha kukobolea kahawa. Mizigo miwili ikifika mlangoni pamoja, mmoja hungoja. Na dawa inayongoja huzidi katika damu, ikawa kama mgonjwa amemeza vidonge viwili badala ya kimoja. Tena iko mizizi inayoharakisha mashine: kidonge cha hospitali kinatolewa kabla hakijafanya kazi, shinikizo linapanda, na nyumbani watu husema dawa za kizungu hazifai. Mabaki hutolewa na figo. Figo zilizochoshwa na shinikizo la miaka mingi hutoa polepole, hivyo kipimo alichokiweza mzee alipokuwa kijana leo chaweza kumzidi.

Aliyepewa warfarini asile mnafu mwingi wiki hii na wiki ijayo asiuguse kabisa, maana mboga za majani huipunguza nguvu dawa hiyo. Ale kwa kiasi kile kile siku zote. Urukususu huzuia chumvi mwilini na kupandisha shinikizo. Magadi nayo ni chumvi ya aina yake. (Najua kiburu bila magadi ni vigumu kuiva, akina mama msinitazame hivyo.)

Kwa hiyo mchukueni mgonjwa hospitali pamoja na chupa na majani yenyewe, mkayaweke mezani mbele ya daktari. Akiwakemea, ngojeni amalize, kisha mwulizeni tena. Naye mganga aambiwe vidonge vyote.

Liko jambo moja lisilongoja ini wala figo. Kiharusi hulegeza koo. Dawa inayomiminwa kinywani mwa mtu aliyelala chali yaweza kuingia mapafuni, na homa ya mapafu ikamwua mtu ambaye kiharusi kilimwacha hai. Asipewe kitu chochote kinywani, hata maji, mpaka mwuguzi ampime kumeza. Akisharuhusiwa, mketisheni wima, mpeni kijiko kimoja kimoja. Akikohoa, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, acheni papo hapo.