Mtoto Akilemewa Chuoni
(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi)

 

 Habari za hisa, mikopo na faida atazisoma mweka hazina, na wenye madeni tunawaona wameshajikalia nyuma kabisa. Sisi tumeomba tuseme jambo moja ambalo halimo katika daftari lake, nalo ni la watoto wetu walioko vyuo vikuu.

Kikundi kilipoanza 2015, mikopo ilikuwa ya machungwa na unga wa maandazi. Baadaye ikawa ya ada. Sasa wamo wenzetu wenye watoto chuo kikuu, na wengi wetu tuliishia darasa la saba. Mtoto akishapanda basi pale stendi ya Muheza, sisi huku tunamwombea dua na kusubiri siku ya joho. Huko katikati hatukuoni. Neno "sapu", yaani mtihani wa kurudia, na neno "kudisko", yaani kuondolewa chuo kwa kushindwa, tuliyajua 2023, tena kwa taabu.

Mwaka huo kijana wa mwenzetu mmoja alikuwa mwaka wa pili, chuo kimoja huko Dodoma. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuseme, ila jina tusitaje. Alianza kutopokea simu. Mama akipiga, linarudi jibu la maandishi: "Niko sawa mama." Kila siku yuko sawa. Mwisho kijana anayekaa naye chumba kimoja akampigia mama, akasema mwenzake haendi darasani, halali usiku, chakula anakiangalia tu.

Basi hapa mtaani kila mtu akawa daktari. Wapo waliosema amerogwa, wapo waliosema bangi, na wapo waliosema ni uvivu wa watoto wa siku hizi. Mama wa watu Alhamisi akaja kikaoni na hela yake ya hisa mkononi, asinunue. Akakaa kimya mpaka tulipofunga sanduku, ndipo akalia.

Ndugu mgeni rasmi, ubishi mkubwa kuliko wote katika miaka hii kumi ulikuwa usiku ule, wala haukuhusu mkopo. Mfuko wetu wa jamii, ule wa kuchanga shilingi 500 kila kikao, katiba ilisema ni kwa msiba na kwa mgonjwa aliyelazwa. Wenzetu wakauliza, na waliuliza kwa haki kabisa: huyu kalazwa wapi? Ana jeraha gani? Tukitoa hela kwa mtu mwenye mawazo, nani kati yetu hana mawazo? Mama mmoja mtu mzima, ambaye huwa hasemi, akasema yeye ndugu yake alikuwa na mawazo hivyo hivyo, wakangoja alazwe, wakamkuta amekunywa dawa ya shambani. Hapo hakuna aliyebisha tena. Nauli ikatoka, na wawili wetu tukamsindikiza mama: Segera, Chalinze, Morogoro, mpaka Dodoma.

Tuwaambie ukweli, chuo kikuu ni kikubwa. Tumesimama getini na khanga zetu hatujui tumuulize nani. Jina la kuuliza ni Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Wengine huiita kwa Kiingereza "dini", msidhani mnapelekwa msikitini. Ofisi hii ndiyo inayoshughulika na maisha ya mwanafunzi nje ya darasa, na ndiko unakoelekezwa kwa mnasihi, yaani mtu wa ushauri nasaha. Siku ya kwanza tuliambiwa mnasihi hayupo, turudi kesho. Tukarudi kesho. Mtoto aliyelemewa akiambiwa arudi kesho harudi, na ndiyo maana tunasema asiende peke yake, hata akisindikizwa na mwenzake wa bwenini.

Mnasihi alimwingiza kijana peke yake, sisi tukabaki kwenye benchi kama saa nzima. Walipotoka hakutuambia walichozungumza. Mmoja wetu alinung'unika, nauli tumelipa sisi halafu tunafichwa! Lakini kijana alituambia baadaye kwamba angejua maneno yake yanafika Muheza, asingefungua mdomo.

Kutoka hapo aliandikiwa barua kwenda hospitali, na daktari akasema ni sonona. Sonona si huzuni ya siku moja. Ni pale mtu anapokosa raha au anapokosa hamu ya mambo aliyoyapenda, wiki mbili na zaidi, usingizi na kula vikaharibika, akajiona hana faida. Alipewa dawa, akaambiwa zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi na asiziache ghafla hata akijisikia vizuri. Hakulazwa. Watu hapa hutaniana "utapelekwa Mirembe", lakini wengi wenye ugonjwa huu wanatibiwa wakitokea nyumbani. Maombi na dua tuliendelea nayo, na kliniki hakukosa.

Mnasihi alitufundisha jambo moja ambalo lilitutisha. Alisema muulizeni mtoto waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali kunampa nafasi ya kusema. Na akisema ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na dawa za shambani ziondoke nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo kwa hesabu ya 2021.

Kuhusu masomo, kijana hakutoroka. Aliahirisha kwa barua ya daktari, na ofisi ya mikopo ya chuo ikaarifiwa, kwa sababu anayepotea bila barua huhesabiwa ameacha mwenyewe. Na hili la mikopo tuligusie. Bodi ya Mikopo mwaka wa masomo 2022/2023 ilipandisha hela ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hata hivyo bumu likichelewa mtoto analala njaa, na mwenye njaa mpe kwanza ugali, ushauri utafuata.

Alikaa nyumbani mwaka wa watu. Walipita waliosema kafukuzwa. Sisi tulimpa kazi ya kuandika daftari la kikundi siku za Alhamisi, na yale maandishi mazuri mnayoyaona katika kurasa za mwaka 2024 ni yake. Mwishoni mwa mwaka huo alirudi chuoni, na mpaka leo anaendelea. Bado zipo siku mbaya, na siku hizo anampigia mama.

Januari 2024 tulibadili katiba kwa kura. Sasa kifungu kinasema "mgonjwa, awe amelazwa au hajalazwa, wa mwili au wa akili", na nauli ya mzazi kumfuata mtoto chuoni haina riba. Mwaka huu watu wawili wameitumia, hatutasema ni nani.

Ombi letu kwa mgeni rasmi si fedha. Tunaomba mwalimu mmoja akae na wazazi kabla watoto hawajaondoka kwenda vyuoni, kila mzazi aandikiwe kwenye karatasi jina la ofisi ya kuuliza na simu ya mwenzake wa chumba cha mtoto. Katibu ana karatasi hizo pale mlangoni, tayari zimepigwa mistari. Wenye watoto wa chuo, chukueni kabla ya kwenda kwenye pilau.