Mama, Amani na Kura: Mafunzo ya Wangari Maathai kwa Watu wa Kisangani

Mada iliyotolewa katika semina juu ya wanawake na uchaguzi, Kisangani, jimbo la Tshopo



Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya mama katika amani na katika uchaguzi. Mara nyingi mada hii hutolewa kwa sifa: mama ni mpole, mama ni mvumilivu, basi apewe kiti. Mimi siombi kiti kwa ajili ya upole. Ninasema hivi: mama ana haki ya kudai hesabu ya kila mtoto wake, na amani hudumu pale ambapo sheria ya uchaguzi inambana kiongozi atoe hesabu hiyo. Sheria yetu haijafika hapo.

Nitapitia maisha ya Wangari Maathai wa Kenya. Alikuwa mwanabiolojia na mama wa watoto watatu, na mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, harakati ya wanawake wa vijijini kupanda miti. Desemba 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu kwa takriban asilimia 98 ya kura, akawa naibu waziri wa mazingira, kisha akaanzisha chama cha kijani, Mazingira Green Party. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisi watu wa msitu tuna sababu yetu ya kumkumbuka: mwaka 2005 wakuu wa nchi za Bonde la Congo walimteua kuwa balozi wa nia njema wa msitu huu, kazi aliyoishikilia hadi alipofariki Septemba 2011.

1. Akina mama wa Uhuru Park

Mwanzoni mwa 1992 Kenya ilikuwa imekwisha kuruhusu vyama vingi, lakini watu waliofungwa kwa sababu za kisiasa walikuwa bado gerezani. Mama zao, wengi wao wazee wa vijijini, walimwendea Maathai. Tarehe 28 Februari walipeleka madai yao kwa mwanasheria mkuu wa serikali, kisha wakaenda kuketi katika kona ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakagoma kula wakisubiri jibu. Tarehe 3 Machi polisi walifika na marungu na mabomu ya machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya wazee wale walivua nguo mbele ya askari, na kila aliyezaliwa katika nchi zetu anajua uzito wa laana ya mama anayemvulia nguo kijana wa umri wa mwanawe. Hawakurudi nyumbani. Walihamia kanisa la All Saints Cathedral, wakakaa huko karibu mwaka mzima, hadi wafungwa hao walipoachiliwa mwanzoni mwa 1993.

Nguvu ya akina mama hawa ilikuwa katika namna walivyodai. Mtu akidai haki kwa jumla, serikali inaweza kumjibu kwa hotuba. Monica Wangu Wamwere, mmoja wa mama hao, alimtaka mwanawe, Koigi. Hapo hotuba haisaidii: ama mtoto ametoka, ama hajatoka. Umama wa aina hiyo ni siasa kamili, na mwanamke anayeufuata hahitaji kuomba ruhusa ya kuingia uwanjani.

2. Hesabu ya Kisangani

Sisi tuna hesabu yetu. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu kwa mabomu mazito, vita ambavyo havikuwa vyetu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja kutathmini madhara ulikadiria zaidi ya raia 760 waliouawa na wengine kama 1,700 waliojeruhiwa. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama lilipitisha azimio nambari 1304, likayataka majeshi hayo yaondoke Congo. Oktoba mwaka huohuo Baraza likapitisha azimio nambari 1325, linalotaka wanawake washiriki katika kila meza ya amani. Miaka miwili baadaye, kwenye mazungumzo ya amani ya Wakongomani huko Sun City, Afrika Kusini, wanawake wa Congo walishikana mikono na kuziba milango ili wajumbe wasitoke bila kukubaliana.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia tarehe 19 Desemba 2005. Tarehe 9 Februari 2022 iliagiza ilipe dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili zilizoporwa. Kuhusu Rwanda, mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Mama aliyempoteza mtoto katika komini ya Makiso au ya Tshopo hakuona bendera juu ya bomu lililopiga nyumba yake. Kwake yeye hesabu ni moja, na hadi leo haijafungwa. Mfuko wa serikali wa kugawa fidia hiyo ya Uganda, FRIVAO, una makao yake hapa mjini, na wahanga wameandamana mara kadhaa wakiuliza fedha zao ziko wapi.

Hata baada ya majeshi hayo ya kigeni kuondoka mjini, damu imemwagika. Tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola umechoma nyumba na kuua watu kuanzia Lubunga, ng'ambo ya mto, na familia zilivuka kwa mitumbwi kuja kutafuta hifadhi upande huu. Chanzo chake ni swali ambalo Maathai aliliuliza maisha yake yote: nani ana haki ya kuutoa msitu na shamba, na aliwauliza akina nani kabla ya kutoa? Mwaka 1999 alipigwa kwa ajili ya msitu wa Karura, uliokuwa ukigawiwa wajenzi kimyakimya. Ardhi ikigawiwa na watu wasiochaguliwa na wanaoilima, panga huja kuchukua nafasi ya kura.

3. Sheria ya kura inavyomkinga kiongozi

Mambo manne katika sheria yetu yanamkinga kiongozi asitoe hesabu. Kwanza, duru moja ya urais. Nchini Kenya mwaka 1992, upinzani uligawanyika ingawa Maathai na wenzake walijitahidi kuuunganisha, na Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 tu. Januari 2011 sisi tulibadilisha katiba tukafuta duru ya pili. Mwaka huohuo mshindi alitangazwa kwa asilimia 48.95, na katika uchaguzi wa 2018 kwa asilimia 38.57. Wapo wanaokumbuka risasi za Kinshasa za Agosti 2006, kati ya duru mbili, na hofu yao ninaiheshimu. Lakini rais aliyekataliwa na wapiga kura sita kati ya kumi huanza kazi bila ridhaa ya wengi, na pengo hilo nalo huzaa ghasia.

Pili, kizingiti. Sheria ya 2017 inadai chama kipate asilimia 1 ya kura za nchi nzima kabla ya kupewa kiti cha ubunge wa taifa. Mwaka 2023 waliopiga kura ya urais walikuwa kama milioni 18, na asilimia 1 ya hizo ni kura 180,000. Chama kinachozaliwa hapa kutetea msitu wa Tshopo kinaweza kupendwa Banalia, Isangi na Ubundu, kikashinda hata hapa mjini, na bado kikakosa kiti. Ndiyo maana vyama hujibanza kwenye miungano mikubwa, na mpiga kura hajui tena sauti yake imemfikisha nani. Ujerumani pia ina kizingiti, asilimia 5, na chama cha Kijani kilikivuka mwaka 1983 kwa asilimia 5.6. Tofauti ni kwamba kura za vyama za Wajerumani zilihesabiwa kwa uwiano wa nchi nzima katika kugawa viti, ilhali sisi tunagawa viti eneo kwa eneo huku tukidai uzito wa taifa zima.

Tatu, usawa wa wanawake na wanaume. Ibara ya 14 ya katiba ya 2006 inautaja waziwazi, na sheria ya Agosti 2015 inaufafanua. Sheria ya uchaguzi ya Juni 2022 inasamehe dhamana kwa orodha yenye nusu ya wanawake. Huo ni msamaha wa ada. Haumwekei mwanamke kura hata moja. Chama kinaweza kujaza majina ya wanawake kiokoe fedha, kisha picha, magari na fulana zote zikaenda kwa mwanaume mmoja. Tuna waziri mkuu mwanamke, Judith Suminwa Tuluka, tangu 2024, na Tshopo imewahi kuongozwa na gavana mwanamke, Madeleine Nikomba. Hata hivyo, katika Bunge la Taifa lenye viti 500 wanawake hawafiki hata mmoja kati ya watano. Maathai alijua gharama hii. Mwaka 1982 aliacha kazi chuo kikuu ili agombee ubunge, akaenguliwa kwa kisingizio cha uandikishaji wa wapiga kura, na chuo kikakataa kumrudisha. Mama mwenye watoto wa kulisha akiona hayo, hupima mara mbili.

Nne, kura za karibu. Maseneta na magavana huchaguliwa na wabunge wa jimbo, watu wachache ambao ni rahisi kuwanunua. Uchaguzi wa madiwani wa komini ulifika kwetu mara ya kwanza Desemba 2023, lakini sekta na uchifu, zilizo karibu kabisa na ardhi, hazikupata hata huo.

4. Mapendekezo

Naomba semina hii iwapelekee wabunge wetu wa jimbo na wa taifa mambo matano:

1. Duru ya pili ya urais irudishwe katika katiba.
2. Kizingiti kihesabiwe ndani ya jimbo, si nchi nzima.
3. Orodha isiyo na nusu ya wanawake ikataliwe na CENI, tume ya uchaguzi, na matumizi ya kampeni ya kila chama yatangazwe hadharani.
4. Uchaguzi wa mabaraza ya sekta na uchifu uitishwe, na mabaraza hayo yasikilizwe kabla ya ardhi ya jamii kutolewa kwa mtu yeyote.
5. FRIVAO isome hesabu zake mbele ya wahanga, hapa Kisangani, kila mwaka.

Hitimisho

Maathai hakushinda kila mara. Aligombea urais na ubunge mwaka 1997 akashindwa vyote, na mwaka 2007 akapoteza kiti cha Tetu. Aliendelea, kwa sababu alichokuwa akikidai kilikuwa kikubwa kuliko kiti. Nasi tufanye hivyo. Mgombea yeyote atakayekuja Mangobo, Kabondo au Lubunga kuomba kura, aulizwe kwanza yuko upande gani katika mambo haya matano, jibu lake liandikwe, na akirudi baada ya miaka mitano asomewe alichosema. Kazi hiyo haihitaji cheo wala fedha. Inahitaji akina mama walioazimia kutosahau, na hao Kisangani inao.