Dhahabu Inayopima Maji

Wahitimu wa Kasongo, mwaka 2023 Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa nanochembe ambazo rangi ya mwanga wake hutegemea ukubwa wake. Watafiti huzibandika kwenye seli hai ili wazifuatilie kwa hadubini. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Mimi nasema yanatuhusu sana sisi, tulio jirani na dhahabu ya Kabambare.

Mchimbaji wa mikono akitumia zebaki kukamata dhahabu, mvuke wake humwingia mapafuni anapoichoma, na masalio hushuka mtoni. Huko matopeni bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, inayorundikana ndani ya samaki na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ubaya wake ni kwamba maji hayabadiliki rangi wala harufu. Ndiyo maana navutiwa na kazi nyingine ya chembe ndogo zinazong'aa, iliyofanyika Singapore, iliyochapishwa mwaka 2009 na 2010: chumvi ya dhahabu ilichanganywa na protini ya damu ya ng'ombe katika nyuzi 37 tu, joto la mwili wetu, yakatokea mafungu ya atomi kama 25 yanayong'aa rangi nyekundu chini ya taa ya urujuanimno. Ioni ya zebaki ikiyafikia, mwanga unafifia, hata zebaki ikiwa chini sana ya mikrogramu 6 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Dhahabu ileile inayoleta zebaki mtoni inaweza kuifichua!

Mtaniambia hatuna umeme wa uhakika wala maabara. Ni kweli, lakini utayarishaji huu hauhitaji tanuru, na taa ndogo huwaka kwa betri. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kipimo hiki huona ioni zilizoyeyuka majini, si zebaki iliyokwisha kuingia kwenye nyama ya samaki, na maji ya matope huweza kukidanganya. Kwa hiyo kitumike kuchuja sampuli za kupeleka maabara kubwa. Kisitumike kumhukumu mchimbaji anayelisha watoto wake. Anzeni na mto Luama: chukueni maji juu ya machimbo na chini yake, masika na kiangazi, mkiandika tarehe na mahali, na majibu wayapate kwanza wanaoyanywa.