Mjane, Mkosefu na Mlango wa Tribinali

(Hotuba ya Kamati ya Haki na Amani, siku ya jubilei ya parokia)



Tulipoombwa kusema siku hii, wengine katika kamati walitaka tuhesabu kazi tulizozitimiza. Tumeona afazali tuwaeleze kwanza kosa letu.

Mama mmoja wa parokia hii alifiwa na bwana wake. Kilio hakijaisha, jamaa ya marehemu wakafika na kamyo. Walichukua vitanda, mashini ya kushonea, hata manjanja yaliyowekwa kwa kuezeka nyumba ya nyuma. Halafu wakamwambia mama atoke pamoja na watoto wake wane, kwa maana, kadiri ya desturi yao, mrithi ni mpwa wa marehemu. Mama alikuja kwetu. Na sisi tulifanya nini? Tulimwambia avumilie, tukaita wazee, tukakaa vikao vitatu, tukanywa chai. Miezi mine ikapita, na nyumba ilikuwa imekwisha kuonyeshwa kwa wanunuzi wawili.

Hatukujua sheria, lakini sheria ilikuwapo. Kitabu cha Sheria za Jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987 kinasema kwamba watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, nao wanapata robo tatu za mali. Mjane ana fungu lake katika robo inayobaki, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Tena ana haki ya kukaa katika nyumba walimoishi na kutumia vyombo vyake. Sisi tunaheshimu desturi za mababu, na wengi kati yetu tumetoka katika makabila yanayofuata ukoo wa mama. Lakini zamani yule aliyepokea mali alipokea na kazi ya kulisha watoto. Siku hizi kamyo inakuja, mlezi haji.

Mama yule alizani pia kwamba hawezi kusimama mbele ya mwamuzi bila ruhusa ya shemeji yake. Kosa hilo lina asili yake. Sheria ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kabla ya kuingia tribinali kwa shauri la mali. Lazima hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Na juu ya mjane haikuwapo hata zamani.

Basi, nani atamsemea mtu asiye na feza? Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, wakati inchi yetu iliitwa Zaire, iliagiza baraza la kila shirika la ma-avoka liwasaidie watu wasio na mapato ya kutosha, kwa njia ya ofisi ya mashauri na utetezi. Haki hiyo si sadaka. Lakini njia ya kuifikia ina miiba. Mkosefu anatakiwa kuleta karatasi inayoshuhudia ukosefu wake. Na katika ofisi moja mama aliombwa feza ili apewe karatasi ya kusema kwamba hana feza. Tulicheka, halafu tukanyamaza. Kisha ni nauli ya kwenda na kurudi, na karatasi za Kifaransa anazowekewa kidole bila kuelewa. Kama mama wa mjini anachoka hivi, itakuwaje kwa kipofu, ao kwa ndugu zetu Batwa wa Tanganyika? Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inawalinda Batwa, lakini imeandikwa kwa luga isiyosemwa porini.

Mwishowe avoka kijana alilipokea shauri bila kudai kitu, akalipeleka mbele ya tribinali ya amani. Mama amebaki katika nyumba yake. Mashini ya kushonea haikuonekana tena, nayo ndiyo iliyokuwa ikilipa masomo ya watoto.

Kwa hiyo tunaomba kila shirika lichague watu wawili, mmoja wao awe mama, watakaomsindikiza mwenye shauri tangu siku ya kwanza, wala wasingoje vikao vya wazee. Sanduku dogo la nauli litawekwa mikononi mwao. Wenye ndoa ya desturi waende kuiandikisha kwenye komini, na watoto vilevile, kwa sababu karatasi ya ndoa ndiyo swali la kwanza atakaloulizwa mjane. Na shauri la kunajisiwa kwa nguvu halitakaliwa kikao hapa hata mara moja. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zimelikabizi kwa waamuzi, nasi kazi yetu ni kumpeleka mwenye kuumizwa hospitalini na kwa avoka.

Kila siku ya posho, kisha misa ya asubui, wawili kati yetu watakuwa katika chumba kilicho karibu na sakristia. Mlete karatasi zote mlizo nazo, hata zilizopasuka.